Choo cha Mgeni Rasmi

Choo cha Mama Ange kilikuwa na ngazi nne, mlango wa bluu, bati jipya na kufuli. Vyote vilisifiwa, lakini tangu mafundi waondoke ni kufuli peke yake lililokuwa limefanya kazi.

Kilisimama kando ya migomba, nyuma ya nyumba ya Mama Ange na mumewe Evaristi, katika kitongoji cha Nyamihini, kata ya Busunzu. Nyumba yenyewe haikuwa na ngazi hata moja. Choo kiliizidi kwa urefu, kwa rangi na kwa unyoofu wa kuta, kiasi kwamba mgeni aliyepita barabarani akitokea Kibondo mjini angeweza kudhani familia inaishi kule juu, na kile kibanda cha matofali mabichi pale chini ndiko wanakojisaidia.

Kilijengwa na Mradi wa Tone Halipotei. Mradi huo ulikuwa na ofisi Kasulu, gari jeupe, na kijana aliyevaa kizibao chenye mifuko mingi kuliko vitu vya kutia humo. Jina lake Hilali. Hilali aliendesha semina ya siku mbili chini ya turubai, akawaeleza watu wa Nyamihini kwamba maji yanayotoka nyumbani si kitu kimoja, na kwamba kosa la binadamu ni kuyachanganya. Maji ya kuoga na kuoshea vyombo yapite kwenye bomba lake, yachujwe kwa mchanga na kokoto, yaende migombani. Kinyesi kiingie tundu la nyuma, kimwagiwe majivu, kikauke. Mkojo uingie tundu la mbele, lililoumbwa kama faneli, ushuke kwa mpira mpaka kwenye dumu la njano la lita ishirini. Dumu likijaa lifungwe, likae, kisha kipimo kimoja kichanganywe na maji vipimo vitatu, na mahindi yapewe shinani.

Ila neno mkojo halikutoka kinywani mwa Hilali kwa siku zote mbili. Yeye alisema rasilimali kimiminika. Alisema rasilimali kimiminika inatenganishwa kwenye chanzo, inahifadhiwa, inarejeshwa kwenye mnyororo wa uzalishaji. Mzee mmoja aliyekaa nyuma akauliza hiyo rasilimali inapatikana duka gani pale Kibondo, na kama wanakopesha.

Mama Ange, ambaye jina lake la ubatizo ni Esteri, hakuuliza kitu. Alikuwa amekwisha kuelewa tangu saa ya kwanza, na saa zilizobaki alizitumia kupiga hesabu ya watu wa nyumba yake. Walikuwa sita. Alikuwa na shamba la robo eka lililoshuka kutoka nyuma ya nyumba hadi kijitoni, na shamba hilo lilikuwa limechoka. Msimu uliopita mahindi yalifika magotini, yakageuka njano, yakasimama hapo kama watu waliosahau walichokuwa wanakwenda kufanya. Kuanzia Februari familia ilikula ugali wa kununua kwa kibaba, na mwezi Machi ikala mara moja kwa siku. Mwaka huu alijiandikisha mapema kupata mbolea ya ruzuku. Ujumbe ulipofika kwenye simu ulimpongeza, ukamwelekeza akachukue mifuko yake Kasanda, wilaya nyingine kabisa, ambako hakuwa na shamba wala shangazi. Alipokwenda kueleza, aliambiwa mfumo haukosei.

Kwa hiyo aliposikia kwamba watu sita wa nyumba yake wanatembea siku nzima wakiwa wamebeba mbolea ya kukuzia bila kujua, alinyoosha mkono akasema choo kijengwe kwake, na alikubali masharti yote kabla hayajasomwa. Sharti mojawapo lilikuwa kufukia choo cha zamani. Evaristi alikifukia kwa siku moja, Hilali akipiga picha kila koleo la udongo.

Mafundi walimaliza katikati ya Oktoba. Jioni hiyo hiyo Hilali akaja na mtendaji wa kijiji, Pasikali, mtu mwembamba aliyependa ratiba kama wengine wanavyopenda nyama. Pasikali alitoa kufuli mfukoni, akalibana mlangoni, akaujaribu mlango mara tatu, akatia ufunguo kwenye mfuko wa shati na kufunga kifungo.

Esteri akamuuliza ni nini kile.

"Usalama," Pasikali akasema. "Mgeni rasmi anakuja tarehe kumi na tisa Novemba. Siku ya Choo Duniani, Mama Ange. Dunia nzima itakuwa inaadhimisha choo, na sisi tutakuwa na chetu."

"Na mpaka hiyo tarehe kumi na tisa?"

Hilali ndiye aliyejibu, kwa upole wa daktari anayempa mtu habari mbaya. Alisema Mkurugenzi wa mradi mwenyewe atakuja kukata utepe, na kwa utaratibu wa mradi, choo kilichotumika hakizinduliwi.

Evaristi, ambaye kwa kawaida alisema maneno matano kwa siku, akayatumia yote palepale. "Na kisichotumika ni choo kweli?"

Siku iliyofuata Pasikali alileta mlinzi, mgambo aitwaye Saady, akamweka kwenye stuli mbele ya mlango wa bluu, na fimbo magotini, alinde kisiingiwe.

Basi familia iliyokuwa na choo kizuri kuliko vyote kata nzima ikaanza kuomba choo kwa jirani. Jirani alikuwa Fidele, mtu mzuri, lakini uzuri wake ulikuwa na kipimo, na watu sita kila asubuhi walikizidi. Wiki ya kwanza aliwakaribisha. Wiki ya pili aliwaitikia salamu. Wiki ya tatu alikuwa anakohoa tu kutoka ndani kuonyesha kwamba amewaona.

Tarehe kumi na tisa ikafika. Turubai lilifungwa, viti vya plastiki vikapangwa, watu wakakaa mpaka saa tisa. Kisha simu ikatoka Kasulu kwamba Mkurugenzi ameshikwa na kikao. Tarehe ikasogezwa hadi ya tisa Desemba. Siku hiyo Mkurugenzi aliweza, ila utepe haukuwa umefika, na uliopatikana madukani ulikuwa wa kijani wakati barua ya mwaliko ilitaja mwekundu. Ikasogezwa tena, mpaka baada ya sikukuu. Kila mara Pasikali alikuja kulikagua kufuli, kulipangusa vumbi, na kumwambia Esteri awe na subira, kwani mambo makubwa yana taratibu zake.

Mahindi hayakupewa barua ya kuahirisha. Esteri aliyapanda mvua ilipokolea, mwishoni mwa Novemba, nayo yakaota kwa furaha ya kitoto. Mwishoni mwa Desemba yalikuwa yanakaribia goti. Asubuhi moja akaona ncha za majani ya chini zimeanza kupauka. Alikaa kwenye tuta, akalishika jani moja kati ya vidole viwili kama mtu anayepima homa. Aliijua njano ile. Alikuwa na wiki mbili, labda tatu, kuyapa mbolea. Baada ya hapo hata angeyapa nini, yangezaa magunzi. Na madumu matano ya njano aliyopewa na mradi yalikuwa yamejipanga chini ya choo, makavu kabisa.

Mtu atauliza kwa nini muda wote huo hakuchukua ndoo akaiweka ndani ya nyumba. Hata mwenyewe alijiuliza baadaye, na jibu lilimtia aibu. Alikuwa ameamini kwamba ni ile mitambo inayofanya kazi. Semina ya siku mbili, michoro ya rangi, maneno mazito ya Hilali, vyote vilimwingiza akilini kwamba mkojo ni mkojo tu mpaka upite kwenye faneli ile na mpira ule, na kwamba huko njiani kuna kitu kinachougeuza kuwa mbolea.

Aliyemfungua macho ni Saady, bila kukusudia.

Saady alikuwa mlinzi mwaminifu. Katika miezi miwili na zaidi hakuruhusu hata kuku apande ngazi zile. Lakini naye alikuwa binadamu, chai alikunywa, na choo alichokilinda kilikuwa kimefungwa. Kwa hiyo kila alipobanwa alizunguka nyuma ya kile chumba kirefu, akasimama palepale pa jana, akarudi kwenye stuli yake. Siku hiyo Esteri alipita nyuma ya choo akitafuta kuni, akaona kitu kilichomsimamisha. Nyasi zote za uwanja zilikuwa fupi na zimechoka kama shamba lake. Ila pale nyuma, hatua mbili kutoka ukutani, palikuwa na kijishamba cha nyasi nene zilizofika kiunoni, zenye kijani cha kukolea mpaka zinakaribia weusi.

Alizitazama kwa muda mrefu. Halafu akamwita.

"Saady. Hapa ndipo unapokojolea?"

Saady akafikiri anashtakiwa. Akaanza kueleza kwamba ni siku mojamoja tu, na kwamba hakuna kanuni iliyomkataza.

"Yewe, sikugombezi," Esteri akasema. "Nauliza. Peke yako?"

"Peke yangu, mama."

"Miezi miwili umenilia mbolea hapa, na mahindi yangu yanakufa hatua ishirini kutoka ulipo."

Jioni hiyo ndoo iliingia ndani ya nyumba, na kila mtu akaelezwa matumizi yake, bila semina. Lakini watu sita hawatoshi robo eka kwa wiki mbili. Esteri alilala na hesabu hiyo, akaamka na jibu lililokuwa mbele yake siku zote, limening'inia kwenye migomba.

Kwao, tangu enzi za wazee waliovuka mpaka kutoka Burundi na hata kabla yao kwa Waha wenyewe, palizi ikikushinda unaalika watu. Unawapikia pombe ya ndizi, urwarwa. Wanakuja na majembe asubuhi, wanapalilia, na jua likipanda wanakaa kuzunguka chungu, kila mmoja na mrija wake. Kanuni ni moja na kila mtu anaijua: haondoki mtu kabla chungu hakijaonyesha kitako. Kuondoka mapema ni kumtukana mwenye pombe. Ukibanwa unainuka, lakini mrija unauacha ndani ya chungu, kama ahadi kwamba unarudi.

Esteri akaivisha ndizi shimoni, akazikamua, akaichachusha pombe kwa mtama, vyungu vitatu. Akaalika watu arobaini. Evaristi akazungushia majani ya migomba sehemu mbili, moja ya wanaume na moja ya wanawake, katika njia pekee itokayo uwanjani kwenda vichakani. Nyuma ya kila uzio kulikuwa na beseni, kopo na madumu. Yale ya mradi hayakuguswa. Saady alikuwa ameyahesabu. Haya yalikuwa ya mafuta ya kula, aliyoyaazima kila nyumba.

Watu walipomaliza kupalilia na mirija ikazama, Esteri akasimama. Hakuwa mtu wa hotuba. Alisema ndizi ni zake, mikono iliyokamua ni yake, chungu ni chake. Wanachokunywa amewapa kwa moyo mweupe. Kinachotoka, hata hivyo, anakidai, na asionekane mtu akienda kukitupa kichakani kama hakina mwenyewe.

Kikazuka kicheko kilichowarusha kunguru. Fidele alikuwa wa kwanza kuelewa sawasawa, na uso wake ukabadilika.

"Kwa hiyo hii miezi yote," akasema taratibu, "asubuhi mlikuwa mkiniletea mbolea kwangu, na mimi nawanunia?"

"Ego, ndivyo," Esteri akamjibu. "Na imezama kwenye shimo lako, hutaiona tena."

Fidele akaacha mrija wake chunguni, akaenda nyuma ya uzio na hatua za mtu anayekwenda kulipa kisasi. Aliporudi wanaume walimuuliza ametoa kiasi gani, akataja, wakasema anadanganya, mwingine akainuka kumwonyesha. Kufikia jioni yalikuwa mashindano. Wanawake hawakutangaza chochote, na madumu yao ndiyo yaliyojaa kwanza.

Wiki mbili zilizofuata hata wale wasioalikwa walipita asubuhi na vidumu vyao, wakidai wanapita tu. Esteri na Evaristi walichanganya, wakachota kwa kopo, wakapa shina moja baada ya jingine kuanzia kijitoni kwenda juu. Nusu ya chini ya shamba ikaanza kupona. Majani yakapanuka, njano ikarudi nyuma. Nusu ya juu ilikuwa bado inasubiri, na inazidi kupauka, na siku zilikuwa zinaisha.

Pasikali alikuja kulalamika. Alisema amesikia kuna ukusanyaji usio rasmi. Alisema mradi una takwimu zake, na takwimu zinaharibika watu wakianza kujifanyia mambo nje ya mfumo. Esteri akamwambia ampe ufunguo na yeye atarudi ndani ya mfumo mara moja. Pasikali akagusa mfuko wa shati lake, akasema uzinduzi ni Jumatano, na safari hii utepe upo.

Jumatano watu mia na hamsini walijaa uwanjani kwa Mama Ange. Mradi ulileta soda kreti kumi na mbili na maji ya chupa, kwa sababu bajeti ya vinywaji ilikuwa imeongezeka kila tarehe ilipoahirishwa. Shughuli ilikuwa ianze saa tatu asubuhi. Watu walikunywa wakisubiri. Saa nne wakanywa tena. Saa saba na nusu gari jeupe likatokea, likiwa limetapakaa matope ya barabara ya kutoka Kasulu, akashuka Mkurugenzi.

Alikuwa mtu mkubwa, wa suti ya kijivu na sauti ya kanisani. Alisalimia vizuri. Lakini Esteri, aliyekalishwa mstari wa mbele na kibandiko kifuani kilichoandikwa MNUFAIKA, aliona haraka kwamba yule bwana hakai. Anainama, ananyooka, anahamisha uzito mguu huu kwenda ule. Kwa saa nne alikuwa njiani na chupa zake za maji. Mkurugenzi akamnong'oneza Hilali. Hilali akamnong'oneza Pasikali. Pasikali akafungua karatasi, akapitisha kidole, akatingisha kichwa kwa huzuni ya kweli.

"Utepe ni kipengele cha kumi na moja," akasema. "Sasa hivi tuko cha pili."

Cha pili kilikuwa wimbo wa kwaya, nao ulikuwa na beti tisa. Hilali akatazama vichaka, akatazama suti ya kijivu, akatazama mpiga picha. Akainama kwa Esteri, akamuuliza kwa sauti ya chini kama pale nyumbani hakuna choo kingine.

Esteri akasimama. Alitaka asikike na yule aliyebanwa.

"Choo kingine tulikifukia, Mkurugenzi. Mlisema tukifukie. Kilichobaki ni hicho cha bluu, na ufunguo sina."

"Huna?" Mkurugenzi akasema. "Nyumbani kwako?"

"Tangu Oktoba."

"Mnajisaidia wapi?"

"Kwa Fidele." Akamwonyesha kwa kidevu. Fidele akainua chupa yake ya soda kidogo, kama shahidi.

Mkurugenzi akafumba macho. Kwaya ilikuwa ubeti wa tatu. "Basi fungueni tu," akasema. "Haraka."

Pasikali alikuwa ameshafungua kifungo cha mfuko, lakini Esteri aliweka mkono wake mbele. Nyuma ya mabega ya yule bwana aliiona nusu ya juu ya shamba lake, ya njano, na kati yake na shamba lile watu mia na hamsini waliojaa soda tangu asubuhi.

"Ngoja. Nipewe mimi," akasema. "Nitakufungulia mwenyewe, mzee wangu. Ila ufunguo ukishaingia mkononi mwangu, hautoki tena. Sema wasikie."

"Mkurugenzi, kwa mujibu wa ratiba," Pasikali akaanza, "makabidhiano ni kipengele cha kumi na tatu, na ufunguo unabaki ofisini kwa ajili ya—"

"Mtendaji," Mkurugenzi akasema, na ile sauti ya kanisani ilikuwa imebaki nyembamba. "Mpe mama ufunguo wake. Ni wake. Asinyang'anywe. Mpe."

Pasikali akampa. Esteri akafungua kufuli, akautia ufunguo kwenye pindo la kitenge, akafunga fundo, na kwenye ngazi ya juu akajaribu kumweleza mgeni: achuchumae, mkojo mbele, majivu ni ya nyuma tu. Mkurugenzi akamwambia anajua, michoro aliitia sahihi mwenyewe. Akainama, suti na yote, akapita chini ya utepe mwekundu, akajifungia.

Alikaa humo beti mbili. Alipotoka alikuwa mtu mwingine, mkunjufu, mwenye muda. Ratiba ikaendelea kana kwamba hakuna lililotokea. Risala ikasomwa. Shairi likasomwa. Kufikia kipengele cha kumi na moja Mkurugenzi alipanda tena ngazi zilezile, akakata utepe, akatangaza kwamba anakizindua choo hiki ambacho bado hakijaguswa na mtu, na watu mia na hamsini waliokwisha kumwona akiingia na kutoka wakapiga makofi kwa heshima. Ndugu zetu hawa wana adabu.

Kisha foleni ikaanza. Saady alikuwa wa kwanza, stahili yake. Nyuma yake watu walijipanga mpaka migombani, wengi wakiwa wamekunja miguu. Esteri akaenda kwa haraka upande wa chini, akapiga magoti mbele ya dumu la kwanza, akasubiri. Saady akaingia, akatoka. Mwingine akaingia, akatoka. Dumu lilikuwa kavu. Akaliinua, akalitikisa. Hata tone. Juu, kwenye spika, Mkurugenzi alikuwa anasema kwamba leo wameona kwa macho yao mfumo unaofanya kazi.

Akamwita Evaristi. Evaristi akachomoa mpira, akachungulia, akaingiza kidole, kikatoka kijivu. Majivu. Kopo zima la majivu, lililoloweshwa na kukandwa, lilikuwa limejaza faneli na koo la mpira kama zege. Tundu la nyuma halikuwa na hata chembe. Mwenye kutia sahihi michoro alikuwa ameyamwaga yote mbele.

Esteri alipanda ngazi, akakaa mlangoni, akazuia foleni. Watu wakanung'unika; mama mmoja alisema kwa Kiha kwamba asipopitishwa sasa atauzindua uwanja. Chini Evaristi alikuwa na waya wa tairi ya baiskeli, anachokoa, na mlio wa kuchokoa ulipanda kwenye bomba ukaingia katikati ya hotuba, krr, krr, Mkurugenzi akizungumzia ubunifu. Kisha kitu kikaachia. Evaristi akajitupa pembeni, si haraka ya kutosha, na mchango wa mgeni rasmi ukatangulia wengine wote kuingia dumuni, ukipitia mkono wa shati lake.

Ndipo Esteri aliposimama pale juu, akawafundisha kwa Kiha, kwa vidole viwili, mambo ambayo semina haikuyafikisha kwa siku mbili: huku mkojo, huku kingine, majivu nyuma, mwanaume achuchumae, asiyeweza arudi kwake. Dereva wa mradi akacheka, akasema yeye hachuchumai. Akarudishwa mwisho wa foleni, akafikiri, na alipofika mbele tena alikuwa amebadili msimamo.

Jua lilipozama kulikuwa na madumu matatu na nusu, na mtu alikuwa bado ndani. Ulikuwa mwanzo tu, lakini choo sasa kilikuwa na njia, na njia ilikuwa na watu. Wapita njia wa Nyamihini, wanaotoka gulioni, wanakwaya baada ya mazoezi, wote walijua kwamba kwa Mama Ange mlango uko wazi, na kwamba ukipita bila kusimama anakuuliza amekukosea nini. Mstari kwa mstari, kopo kwa kopo, aliipa na nusu ya juu. Mistari miwili ya mwisho, ile ya jirani na njia, ilikuwa imechelewa. Aliipa hivyo hivyo, bila kuitegemea. Mingine ilishika. Siku ya tisa alipita asubuhi, akaona majani mapya ya katikati yamechomoza mabichi na mapana, naye akasimama hapo akihesabu mashina na kuyageuza kuwa miezi ya ugali wa mwaka ujao: Februari, Machi, na pengine mpaka Juni.

Wiki hiyo hiyo Pasikali alikuja na barua. Ilitoka Kasulu. Ilisema kwamba kutokana na mafanikio ya choo cha mfano cha Nyamihini, wageni kutoka miradi mingine wangependa kuja kujifunza, tarehe zitapangwa, na kwa ajili ya kulinda usafi na hadhi yake inaombwa choo kipumzishwe na ufunguo urejeshwe kwa muda kwenye ofisi ya kijiji. Pasikali aliisoma mara mbili njiani, akaikunja kwa uangalifu, akapita uwanjani bila kumwona mtu, akapanda ngazi nne na kugonga mlango wa bluu.

"Kuna mtu," sauti ya Mama Ange ikajibu.

Pasikali akashuka ngazi moja. Alisema kwa kupitia mlango kwamba ana barua muhimu. Ndani kukasikika mlio mwembamba wa maji yanayoteremka kwenye mpira, ukachukua muda wake. Akasubiri. Mvua ya mchana ikaanza kudondoka, nzito, ikipiga migomba na bati, naye akaitia barua chini ya shati isilowe. Aligonga mara ya pili.

"Nimesema kuna mtu, Mtendaji. Na nikitoka mimi anaingia Evaristi."

Pasikali akageuka. Evaristi alikuwa amesimama nyuma yake na kopo la majivu mkononi, na nyuma ya Evaristi Fidele, na nyuma ya Fidele kina mama wawili waliotoka gulioni. Wakamwambia kwa adabu kwamba kama naye amebanwa, foleni inaanzia kule.

Pasikali alitazama mvua, akatazama njia ndefu ya kurudi ofisini. Alikuwa amekunywa chai vikombe vitatu asubuhi ile. Akaenda kusimama nyuma ya kina mama.